Sungura wako anahitaji nyasi, siyo karoti

Jumapili moja, saa nne usiku, mpwa wangu anayeishi Tabata alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. "Shikamoo mjomba. Pamba hataki karoti. Tangu asubuhi hajala kitu, amejikunja tu kwenye kona." Pamba ni sungura wake mweupe, zawadi ya kufaulu darasa la saba. Nilimjibu kwa swali moja ambalo naona lilimshangaza: kinyesi chake kikoje? Akaenda kuangalia kwa tochi ya simu. Hakukuwa na kinyesi. Alifagia banda asubuhi, na tangu hapo hata kidonge kimoja hakikuwa kimedondoka.

Nilishtuka kuliko yeye, kwa sababu hali hiyo nimewahi kuiona. Mwaka wangu wa pili chuoni, hapa Morogoro, nilifuga sungura nyuma ya chumba nilichopanga. Jioni moja nilimkuta amejikunja hivyohivyo, nikajiambia labda ameshiba, kesho atakula. Asubuhi nilimkuta ameshakufa. Wakati huo nilikuwa tayari nasoma mambo ya wanyama, na bado sikujua nilichokuwa nakiangalia.

Kwa hiyo leo tuingie ndani ya tumbo la sungura. Ukielewa linavyofanya kazi, hutahitaji kukariri orodha ya "mpe hiki, usimpe kile".

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Sungura wetu wa hadithi, yule mjanja anayemzidi fisi akili, ni jamaa mwingine kabisa, wa porini, asiyechimba mashimo. Huyu wa bandani anaitwa Oryctolagus cuniculus, na asili yake ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno. Mababu zake waliishi kwa nyasi ngumu na magugu makavu, chakula kingi kisicho na nguvu nyingi. Tumbo lake limeundwa kwa chakula cha namna hiyo, na halijabadilika kwa sababu tu mwenye tumbo amehamia Tabata.

Sasa, ng'ombe na mbuzi nao hula nyasi, lakini wao huzichachusha mwanzoni, kwenye tumbo kubwa la mbele, kisha wanacheua. Sungura hacheui. Yeye huchachushia chakula mwishoni, kwenye mfuko mkubwa uitwao sikamu, uliopo pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Kwa binadamu sikamu ni kijifuko kidogo tu. Kwa sungura ni kikubwa kuliko tumbo lenyewe, na kimejaa bakteria wanaovunja kile ambacho vimeng'enya vyake vimeshindwa.

Lakini kabla ya uchachushaji kuna uchambuzi, na hapa ndipo ninapowapenda sana hawa wanyama. Chakula kikifika mwanzoni mwa utumbo mpana, misuli ya utumbo huo hukitenganisha. Nyuzinyuzi ndefu na ngumu husukumwa mbele haraka na kutoka kama vile vidonge vikavu vya mviringo tunavyovijua. Chembe ndogo na maji hurudishwa nyuma, kwenye sikamu, wakazifanyie kazi bakteria. Yaani utumbo mmoja unasukuma vitu pande mbili kwa wakati mmoja!

Zile nyuzi ngumu hazimpi sungura lishe ya maana. Kazi yake ni kuugusa ukuta wa utumbo na kuuamsha usukume. Zikikosekana utumbo unapoa, na ukipoa, sungura anapoteza hamu ya kula. Asipokula, hakuna cha kuuamsha utumbo. Gesi inajaa, maumivu yanaanza, na maumivu yenyewe yanazidi kuusimamisha utumbo. Tena sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Mzunguko huo ndio ulimuua sungura wangu.

Na ile mali iliyobaki kwenye sikamu? Bakteria wametengeneza protini na vitamini za kundi B, lakini ziko mwishoni mwa njia, zimeshapita sehemu ya kufyonzwa. Suluhisho la sungura ni kuzila tena. Mara moja au mbili kwa siku, akiwa ametulia, hutoa kinyesi cha aina ya pili: laini, cheusi, kama kishada kidogo cha zabibu, kimefunikwa ute. Hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kutoka nyuma na kukimeza. Daktari wa mifugo wa Ufaransa aitwaye Morot aliliandika jambo hili mwaka 1882. Ukimwona sungura wako ameinama hivyo, usimfukuze wala usione kinyaa. Anakula chakula halali kabisa.

Ila ukikuta vishada hivyo vimekanyagwa sakafuni au vimeganda kwenye manyoya ya nyuma, jiulize. Watu wengi hudhani ni kuhara. Mara nyingi ni sungura anayepewa chakula kitamu kupita kiasi, hivyo havihitaji, au amenenepa hadi hafiki huko nyuma. Kuhara kwa kweli ni majimaji, na kwa sungura mdogo aliyetoka kuachishwa kunyonya kunaweza kumuua ndani ya muda mfupi.

Sasa tufike kwenye karoti. Bugs Bunny amekuwa akiitafuna kwenye katuni tangu 1940, na dunia nzima imemwamini. Lakini karoti ni mzizi. Gramu 100 zake zina takribani gramu 5 za sukari na gramu 3 tu za nyuzinyuzi. Ndizi mbivu, mkate, ugali uliobaki na mahindi ni balaa zaidi. Sukari na wanga vikizidi, vingine hufika kwenye sikamu, na pale kuna bakteria wabaya wa jamii ya Clostridium wanaosubiri karamu hiyohiyo ili waongezeke na kutoa sumu. Kipande cha karoti kama kidole gumba, mara moja moja, hakina neno. Pamba alikuwa anapewa karoti tatu kwa siku na kipande cha mkate wa chai.

Kuna na meno. Ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka takribani milimita 2 kwa wiki. Akitafuna nyasi, taya huenda kushoto na kulia, na magego yanasagana. Akila vyakula laini taya hupanda na kushuka tu. Magego hurefuka, yanatoa ncha kali, zinachoma ulimi na shavu, naye anaacha kula kwa maumivu. Na tumeshaona akiacha kula kinafuata nini.

Basi alishwe nini? Nyasi, muda wote, usiku na mchana, nyingi kama mwili wake mwenyewe. Nyasi kavu aina ya Rhodes wanazouza kwa marobota kwa ajili ya ng'ombe zinafaa sana, mradi zisiwe na ukungu wala vumbi. Huna pa kununua? Kata ukoka mahali pasipopigwa dawa na pasipo barabarani, uuanike. Ongeza majani kiasi: kishona nguo, matembele, mchicha siyo kila siku. Kabichi ni kidogo tu, kwa sababu ya gesi. Chakula cha vidonge cha dukani kisizidi gramu 25 kwa kilo moja ya uzito wake. Majani ya mparachichi na ya nyanya usiguse, ni sumu kwake. Maji yawe kwenye bakuli zito, safi, hasa msimu wa joto wa Dar, maana sungura aliyekosa maji huacha kula kabla hujagundua.

Kama umekuwa unamlisha vibaya, usibadilishe ghafla kesho asubuhi baada ya kusoma hapa. Punguza kidogokidogo kwa wiki mbili, ili bakteria wa sikamu wapate kuzoea.

Na siku ya dharura: sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12 hangojewi mpaka kesho. Anahitaji daktari wa mifugo ampe dawa ya maumivu na maji, naye ndiye aamue kama alishwe kwa bomba la sindano au la, kwa sababu tumbo likiwa gumu limevimba kama ngoma huenda kuna kitu kimeziba, na ukimlazimisha kula unaongeza tatizo. Wakati unamsubiri, mpe joto. Na tafadhali sana, usikimbilie duka la dawa kununua amoksilini au ampisilini. Kwa sungura, dawa hizo zikinyweshwa mdomoni huua bakteria wazuri na kuwaachia uwanja wale wa Clostridium. Dawa inayomponya mtoto wako inaweza kumuua sungura wake.

Usiku ule dada yangu alipiga simu nne hadi akampata daktari aliyekubali kuja na bodaboda. Wakati huo mpwa wangu alikuwa amemzungushia Pamba khanga na chupa ya maji ya uvuguvugu. Daktari akampapasa tumbo, akaona si gumu, akamchoma sindano ya maumivu, akampa maji chini ya ngozi, akamfundisha mtoto kulowesha chakula cha vidonge na kumpa kwa bomba taratibu, pembeni mwa mdomo, kila baada ya saa chache.

Kesho yake saa sita mchana nikiwa maabara ikaingia picha. Nikadhani ni Pamba. Ilikuwa gazeti limetandikwa sakafuni, na juu yake vidonge vinne vya kinyesi, vidogo kuliko kawaida, kimoja kimepinda kama punje ya mchele. Nikamwambia aendelee kuhesabu. Jioni vilifika kumi na tisa.