Seva ya Kununua au ya Kukodi?



Ndugu wasomaji, kijana aliyesoma madrasa hapa Chanji na sasa yuko chuo kikuu alituuliza swali wakati wa likizo: watafiti wanunue seva zao, au wakodi kwenye "wingu"? Wengi mmelisikia neno hilo mkadhani ni kitu cha angani. Sivyo. Ni majumba yaliyojaa kompyuta, mali ya makampuni, nasi tunazifikia kwa intaneti. Microsoft ilifungua ya kwake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020.

Mnaosoma fiqhi mtalielewa upesi, maana hiyo ni ijara: unanunua manfaa kwa muda, kitu chenyewe kinabaki cha mwenyewe. Mkulima wa Ufipa mwenye ekari mbili hanunui trekta, hukodi siku moja akamaliza. Anayelima msimu mzima, mashamba yake na ya watu, huyo kununua kutamfaa. Basi mtafiti anayehitaji kompyuta 100 kwa wiki moja, akodi. Anayepiga hesabu usiku na mchana mwaka mzima, kodi itamla.

Lakini mnunuzi naye asidhani amemaliza alipolipa bei. Seva moja inayotumia wati 500 bila kuzimwa hula uniti 12 kwa siku, yaani uniti 4,380 kwa mwaka, kabla hatujataja kiyoyozi cha kuipoza. Bado betri, jenereta, fundi na vipuri. Sisi wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka Zambia, hatuhitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika kazi ikiwa katikati. Pamoja na hayo, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilipata kompyuta kubwa iitwayo PARAM Kilimanjaro, iliyoundwa na kituo cha C-DAC cha India. Chombo kama hicho kina faida isiyoonekana kwenye ankara: vijana hujifunza kukiendesha, kukifungua na kukitengeneza. Kwenye wingu huoni hata nati.

Kukodi nako kuna taabu ya njia. Data za terabaiti 1, zikipita kwenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua zaidi ya siku 9 kufika, tena kama haikukatika. Na Mei 12, 2024 ilikatika kweli, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na nchi nzima ikadorora. Wanasayansi waliotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi mwaka 2019 walisafirisha diski zao kwa ndege! Isitoshe, makampuni mengi hupokea data bure, ila kuzitoa hutoza, na kwa dola.

Data za wagonjwa ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi.

Rai yetu kwa kijana ilikuwa wanunue seva ndogo ya kutunza nakala asili na kazi za kila siku, hesabu kubwa za mara chache wakodi. Akasema mradi wao una fedha za miaka 3. Tukamuuliza, mwaka wa 4 nani atalipa kodi, na asipopatikana data zitakaa wapi? Akaandika swali hilo aende nalo chuoni.

Wabillahi tawfiq.