Mtu Anayeongoza Muziki kwa Kijiti

Katika ngoma zetu hapa Mkange yuko mpigaji wa kuongoza. Akibadilisha mapigo, wote wanambadilikia. Lakini je, mtu aweza kuongoza muziki bila kupiga chombo? Ndiyo. Huyo ni mwongozaji wa okestra.

Okestra ni kundi kubwa la wapigaji wa violini, filimbi, tarumbeta na ngoma. Mwongozaji husimama mbele yao. Mkono wa kulia hushika kijiti na kuonyesha mapigo. Mkono wa kushoto huonyesha nani aanze, nani apunguze sauti.

Jirani zetu wa Kongo wanaye Armand Diangienda, wa Kinshasa. Alikuwa rubani wa ndege. Kazi ikaisha. Mwaka 1994 akaanzisha okestra. Alijifundisha mwenyewe kusoma noti, yaani maandishi ya muziki. Violini zilikuwa chache, wakapokezana. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2013 chama cha Royal Philharmonic Society cha Uingereza kilimpa uanachama wa heshima.

Ndugu wasomaji, sisi tulisoma ukubwani, lakini mwalimu tulikuwa naye. Yeye hakuwa naye. Basi tusiweke kalamu chini. Elimu haina mwisho.