Sura ya Sita: Tone Liko Chini, Tundu Liko Juu

Ukikuta doa jeusi mahali gari lilipolala, jambo la kwanza linalokujia ni kuingia uvunguni na kuitazama sampu. Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari linapotembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo hudondokea sehemu ya chini na ya nyuma kabisa ya injini, popote ilipoanzia. Gasketi nyingi za sampu zimebadilishwa bila kosa lolote.

Tuchukue Toyota Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, gari la miaka ya 1990 ambalo Dar es Salaam na Nairobi hazijamalizana nalo hadi leo. Injini yake imekingama: mkanda wa taimingi uko upande wa kulia wa gari, giaboksi kushoto, manifoldi ya ekzosi mbele kuelekea rejeta. Ukiujua mpangilio huo, umeshapunguza nusu ya kazi ya kutafuta.

Ukisimama kwenye foleni ukasikia harufu ya oili inayoungua, na moshi mwembamba unatoka chini ya boneti, tazama ukingo wa mbele wa tapeti kava. Gasketi yake ni ya mpira, na mpira uliopikwa kwa miaka ishirini na zaidi hukauka hadi ukivunjika unatoa mlio kama biskuti. Oili inapenya, inadondokea ekzosi yenye moto. Huo ni uvujaji wa kushughulikiwa leo, kwa sababu unaweza kuliunguza gari. Ukichomoa waya wa plagi ukaukuta umelowa oili, mpira unaozunguka tundu la plagi nao umekufa, na ndiyo sababu injini inakosakosa.

Kesi inayowagharimu wengi zaidi ni oili iliyotapakaa juu ya giaboksi. Fundi mwenye haraka atakwambia ni sili ya nyuma ya krenki. Kuifikia sili hiyo ni lazima giaboksi lishuke, na bei inapanda. Lakini juu ya giaboksi hilo hilo, mwishoni mwa kichwa cha silinda, imechomekwa distributa, na shingoni mwake kuna ringi ndogo ya mpira. Ikikauka, oili huteremka ukutani mwa injini na kuishia pale pale ambapo sili ya nyuma ingeimwaga. Usikubali giaboksi lishushwe kabla ringi hiyo haijakaguliwa. Ukiamua kuibadilisha mwenyewe, chora alama kwenye distributa na kwenye kichwa kabla ya kulegeza bolti, uirudishe pale pale. Ikisogea, moto wa plagi utakuja nje ya wakati wake.

Kutafuta kwenyewe kunahitaji injini safi. Ikiwa imepoa kabisa, funika distributa na alteneta kwa mfuko wa plastiki, sugua grisi na vumbi kwa brashi na sabuni ya kuondolea mafuta, suuza, acha ikauke. Petroli isitumike kuoshea, hata kidogo. Kisha paka poda ya watoto sehemu unazozishuku, zunguka mtaa mara chache, urudi na tochi. Fuata mstari uliolowa kwenda juu mpaka unapokoma. Ikibidi uingie uvunguni, gari likae juu ya stendi imara na magurudumu yawekewe vigingi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kabla ya kununua gasketi yoyote, chomoa valvu ya PCV iliyo juu ya tapeti kava. Pistoni huvujisha gesi kidogo kwenda chini, na gesi hiyo lazima itoke. Zamani ilimwagwa nje kwa bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ikataka magari mapya yairudishe injinini ikaungue, na valvu hii ikaenea. Ikiziba kwa tope la oili, shinikizo hujaa ndani na kutafuta mlango penye mpira dhaifu kuliko wote. Itikise: nzima hulia kachakacha. Injini ikiwa silensa, ziba mdomo wa valvu kwa kidole, lazima ikivute. Mtu anayebadilisha gasketi na kuiacha PCV iliyoziba atainunua tena gasketi hiyo.

Kubadilisha gasketi ya tapeti kava ni kazi ya asubuhi moja. Nati ni chache, kila moja na washa yake ya mpira, na washa hizo nazo zibadilishwe. Kwangua mabaki kwa plastiki, maana aluminiamu huchubuka. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo. Kinachotakiwa ni karibu Nm 6, nguvu ya kifundo cha mkono. Kukaza zaidi hukunja kava, na kava iliyokunjika haizibi tena.

Kuhusu silikoni sina huruma. Inatakiwa tone dogo kwenye kona ambako kifuniko cha beringi ya kamshafti kinakutana na kichwa, basi. Ikipakwa mzunguko mzima, ziada yake humegukia ndani, husafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Hapo umetibu doa la sakafuni ukaua beringi. Oili nzito inayomiminwa ili uvujaji upungue haizibi kitu, inaahirisha tu.

Kama njia ya oili inatokea nyuma ya kava la mkanda wa taimingi, ni sili ya mbele ya krenki au ya kamshafti. Oili hulainisha mkanda na kuuozesha, kwa hiyo sili hizo hubadilishwa pamoja na mkanda, ambao Toyota iliuwekea kilomita 100,000. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye vifaa.

Baada ya matengenezo, matone machache yataendelea kwa siku kadhaa, kwa kuwa oili ya zamani imejificha kwenye mikunjo ya vyuma. Pima kijiti kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa; kama kiwango kinakaa pale pale kati ya L na F, yanayodondoka ni mabaki.