Tiba ya umakinifu kwa mama anayelea mtoto mwenye ulemavu: je, inajuzu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa masuali yanayotufikia ni ya kina mama wanaolea watoto wenye utindio wa ubongo, usonji, mgongo wazi na ulemavu mwengine. Mama huambiwa hospitali, au husoma katika simu, kuwa ipo tiba ya kukaa kimya, kufuatilia pumzi na kutuliza fikra. Anauliza mambo mawili: hii si ibada ya watu wa dini nyengine? Na kutafuta tiba ya moyo si dalili ya upungufu wa imani?

Tunaanza na suali la pili, kwa kuwa ndilo linalowaumiza zaidi.

Huzuni haipingani na subira

Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, kama inavyoelezwa katika Suratu Yusuf, aya ya 84. Naye ndiye huyo huyo tunayemtaja kwa subira njema. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, Mtume akamfahamisha kuwa hiyo ni rehma. Basi jicho kulia na moyo kuhuzunika havikukatazwa. Kilichokatazwa ni ulimi kutamka yasiyomridhi Mola.

Kwa hiyo mama anayeamka usiku kumgeuza mtoto ubavu, anayembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa kumpeleka hospitali, kisha akasikia mtaani kuwa "kazaa shetani", akilia hajavunja subira yake. Wala mtoto yule si adhabu ya dhambi ya mama. Hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa dhambi ya nafsi nyengine.

Maulamaa wetu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Ndani yake alizungumzia hofu, ghadhabu, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi ya nafsi yanayohitaji matibabu, kama mwili unavyohitaji.

Tiba yenyewe ni ipi?

Mwaka 1979, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Mazoezi yake aliyatoa katika mafunzo ya Kibudha, akayavua ibada na itikadi, akabakisha ufundi: kuihisi pumzi inavyoingia na kutoka, kupitisha fahamu katika mwili kiungo kwa kiungo, na kuliona wazo linapokuja bila ya kulifuata.

Faida yake kwa mama ni hii. Mtoto anapopiga mayowe, akili ya mama haibaki kwenye mayowe. Hukimbilia mbele: nikifa nani atamtazama? Au hurudi nyuma: nilikosea nini nilipokuwa na mimba? Hapo mwili hukaza, moyo hudunda, usingizi huruka. Mazoezi haya humfundisha kurudi kwenye jambo lililo mbele yake. Huzihisi nyayo zake chini, hupumua taratibu mara tatu, husema ndani ya nafsi "hii ni hofu", kisha ndipo humwendea mtoto.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, wakiongozwa na Elisabeth Dykens, walitoa matokeo ya utafiti wa kina mama 243 wa watoto wenye ulemavu. Mwanzoni asilimia 85 walikuwa na msongo mkubwa, na asilimia 48 walikuwa na sonona. Walikutana saa moja na nusu kila wiki kwa wiki sita. Kundi moja lilifundishwa umakinifu, jengine lilifundishwa kukuza tabia njema kama shukurani na kupunguza kujilaumu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na la umakinifu lilipata nafuu zaidi katika wasiwasi, sonona na usingizi. Waliofundisha walikuwa kina mama wenzao wenye watoto wa hali hiyo, waliopewa mafunzo na usimamizi.

Hukumu yake

Asili katika mambo ya tiba na ya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Mtume (S.A.W.) alichimba handaki kuilinda Madina kwa rai ya Salman al-Farisi, na hiyo ilikuwa mbinu ya Wafursi. Hakuiacha kwa sababu ya ilikotoka.

Kwa hiyo tunaona inajuzu, kwa masharti haya:

1. Pasiwe na maneno ya kuabudu, sanamu wala itikadi inayopingana na tauhidi.
2. Ichukuliwe kuwa ni sababu tu, na mponyaji ni Allah.
3. Isifanywe ibada, wala isishike nafasi ya sala na dhikri. Sala ni haki ya Mola. Kuhudhurisha moyo ndani yake ni khushuu, na utulivu unaopatikana ni fadhila juu yake.

Ambaye moyo wake bado unasita, asilazimishwe. Zipo njia nyengine za matibabu.

Mzigo si wa mama peke yake

Tiba hii isiwe kisingizio cha kumnyamazisha mama ili wengine walale. Baba anawajibika kwa matumizi ya mtoto huyu kama wa wengine, na kumkimbia mke kwa sababu ya mtoto aliyemzaa ni dhulma. Wifi, mkwe na majirani wakimshika mtoto saa mbili kwa wiki, mama akalala au akenda harusini, hiyo ni sadaka isiyohitaji fedha. Kina mama nao wakutane. Jumuiya za watu wenye ulemavu na wazazi wao zipo hapa kwetu, na madrasa zina nafasi za kukaa.

Na mama akiona siku zinapita hali wala halali, au inamjia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo asingoje mazoezi ya pumzi. Aambiwe mtu wa karibu siku hiyo hiyo, na apelekwe hospitali. Kwenda Kidongo Chekundu si aibu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu.

Allah awape afya kina mama hawa, na atujaalie sisi tuwe wepesi wa kuwasaidia kuliko kuwasema.

Wallahu a'lam.