Mkristo Aingiapo Katika Kituo cha Kura

Mojawapo ya maswali ambayo sisi walimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo huulizwa na wanafunzi wetu kila msimu wa uchaguzi unapobisha hodi ni hili: je, imani ya mtu yafaa iongoze msimamo wake wa kisiasa, au ibaki kanisani pamoja na kitabu cha nyimbo? Wenzangu wengi hulikwepa swali hilo. Wengine hulijibu kwa mkato, kwamba dini na siasa ni mafuta na maji. Mimi nafundisha hapa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, na nionavyo, mwalimu wa mtaa huu hana ruhusa ya kulikwepa.

Tuianzie hiyo kauli ya mafuta na maji. Msomaji aliyeishi enzi za chama kimoja atakumbuka ni akina nani walioipenda zaidi. Walikuwa wanasiasa. Siku za juma waliwakemea maaskofu waache siasa, na Jumapili ilipofika walikaa viti vya mbele kanisani, bahasha ya harambee mfukoni, wakingoja kualikwa kusema "machache". Hawakuchukia dini kuingia katika siasa; walichochukia ni dini kuingia bila idhini yao.

Mwaka wa 1986 Kanu iliamua kwamba katika mchujo wa wagombea wapiga kura wajipange foleni hadharani, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Ndio mtindo ulioitwa mlolongo. Wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) waliupinga, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa nyepesi kuelewa: mchungaji akionekana nyuma ya mgombea mmoja, atawachunga vipi kondoo waliosimama nyuma ya mwingine? Lakini si makanisa yote yaliyokubaliana nao. Kanisa la Africa Inland, ambalo Rais Moi alikuwa muumini wake, lilijiondoa katika Baraza hilo. Pande zote mbili zilikuwa na Biblia moja. Hawa walitaja manabii waliowakemea wafalme, wale wakafungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, palipo na mafundisho juu ya kutii mamlaka.

Hapo ndipo mwanafunzi mwerevu hunyosha mkono. Ikiwa Maandiko hayohayo yanaweza kumtuma mmoja kupinga na mwingine kupiga makofi, imani ina faida gani katika siasa? Hilo ni swali zito, wala halijibiwi kwa kunukuu aya nyingine. Rai yangu ni kwamba tuache kuuliza iwapo imani iongoze siasa ya mtu, kwa kuwa kwa mwenye imani ya kweli itaiongoza tu, apende asipende. Tuulize gharama yake inalipwa na nani. Msimamo unaodaiwa kutoka kwa Mungu, nao daima waangukia upande wa kabila la msemaji, mfuko wake na jirani zake, una haki ya kutiliwa shaka.

Historia ya eneo letu ina mifano ya kutosha. Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Eldoret, alikuwa Mnandi, yaani mtu wa jamii za Wakalenjin alikotoka Rais mwenyewe. Njia nyepesi kwake ilikuwa kunyamaza. Badala yake alishutumu unyakuzi wa ardhi na ufisadi wa wakubwa. Mnamo Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya kwamba akithubutu kukanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda, akaongoza ibada, na alipokuwa safarini kurudi tarehe 14 mwezi huo akafa katika ajali ya barabarani. Okondo alijiuzulu. Wengi hawajaridhika na maelezo ya kifo hicho hadi leo.

Kwetu Nakuru alikuwapo Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Jimbo Katoliki tangu 1971 hadi 1996. Vijana wanaomjua kama Askofu Mkuu wa Nairobi aliyestaafu 2007 na kufariki 2020 huenda hawajui alivyopitia hapa. Vita vya kikabila vilipolipuka katika shamba la Meteitei, Nandi, mwishoni mwa Oktoba 1991, kisha vikaenea hadi Molo na Olenguruone, Ndingi alisema waziwazi kwamba vita hivyo vilikuwa na mkono wa watu wenye mamlaka, na akailaumu serikali kwa kutowalinda raia wake. Wakati huo serikali ilishikilia kwamba hayo yalikuwa matokeo ya siasa za vyama vingi. Kumbuka, msomaji, kwamba Ndingi alikuwa Mkamba wa Machakos. Wengi wa waliokuwa wakichomewa nyumba hawakuwa watu wa kabila lake. Kumbuka pia kwamba Jimbo la Kericho halikuwa limezaliwa. Lilimegwa kutoka Nakuru mwaka wa 1995. Kwa hiyo miongoni mwa waumini wake walikuwamo waliokimbia mishale na pia ndugu za walioirusha. Angaliweza kujificha nyuma ya hoja kwamba askofu ni baba wa wote, hivyo asiseme lolote. Yeye alielewa ubaba kwa namna nyingine.

Huyo ndiye Mkristo mwanasiasa ninayemtaka mwanafunzi wangu amchunguze, ingawa hakugombea hata udiwani.

Sasa tugeuze sarafu, maana upande wa pili ni wetu pia. Katika kampeni za 2007 viongozi wengi wa makanisa walizama katika mirengo ya makabila yao. Paliombwa na kutabiriwa ushindi wa huyu, na kwingineko ushindi wa yule, na kila upande ulimshirikisha Mungu katika hesabu zake. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya Jumapili, tarehe 30 Desemba. Siku mbili baadaye, Januari mosi 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo ndani. Mwishoni mwa Januari moto ukafika Nakuru na Naivasha, na Rhonda na Kaptembwa zikawa medani ya mapanga na mishale. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Nakuru ilipata kambi mbili kubwa. Wakikuyu wengi waliofurushwa walipiga mahema katika Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo. Wajaluo, Waluhya na wengine wakakusanyika katika Uwanja wa Afraha. Walikuwamo humo watu waliokuwa wakishiriki meza moja ya Bwana mwezi mmoja tu uliotangulia. Mwezi wa Februari 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa Kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo walishindwa kuikabili hali. Hakuna aliyeweza kudai kwamba imani ilikosekana katika siasa ya mwaka huo. Ilijaa tele. Ila haikumgharimu msemaji chochote, maana ilimpa kilekile ambacho kabila lake lilikuwa limekwisha kumpa.

Majirani zetu wa Tanzania wana mfano ambao walimu watauonea fahari, nao unahusu shule. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini kwa dhati. Hata hivyo, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule za misheni, zikiwamo za Kanisa lake mwenyewe, na kuziweka chini ya serikali. Mpango wa kikoloni ulikuwa umewapa watoto wa Kikristo nafasi nyingi za masomo na kuwaacha nyuma watoto wa Kiislamu. Mwaka uliofuata, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alisisitiza kwamba Kanisa lisiloshiriki katika vita dhidi ya umaskini na dhuluma litapoteza maana machoni pa watu. Mtu anaweza kuzibishania siasa zake za ujamaa, nami ninazo zangu za kubisha. Lakini hakutumia imani yake kuyapendelea mashirika ya dini yake.

Kwa kipimo hichohicho naiona kampeni ya makanisa dhidi ya Katiba mpya mwaka wa 2010 kuwa na sura mbili. Katika suala la uavyaji mimba viongozi wa Kanisa walitetea uhai kama walivyouelewa, na Mkristo aliyepiga kura ya La kwa dhamiri hiyo nampa heshima yake. Katika suala la mahakama za Kadhi sikuwaelewa. Mahakama hizo zilikuwamo katika Katiba tangu uhuru, kufuatia makubaliano ya 1963 kuhusu Mwambao. Zinahusu Waislamu katika mambo kama ndoa, talaka na urithi, nazo hazimpunguzii Mkristo wa Rhonda hata nukta ya haki yake. Pale, jirani ndiye aliyetakiwa kulipa. Tarehe 4 Agosti takriban asilimia 67 ya wapiga kura waliiidhinisha Katiba, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya watu ni Wakristo. Waumini waliwasikiliza maaskofu wao kwa adabu, kisha wakaamua wenyewe.

Tangu hapo pamekuwa na dalili za kutia moyo. Mnamo Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubu katika madhabahu za Kianglikana. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru michango iliyotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto irudishwe. Kurudisha pesa, wakati paa la nyumba ya padri linaweza kuwa bado lavuja, ni hoja ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaielewa.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu zoezi: kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani kwao ni nini kilichohubiriwa kanisani Jumapili ya tarehe 23 Desemba 2007, siku nne kabla ya kura, na kilichohubiriwa Jumapili ya kwanza aliporudi ibadani baada ya ghasia. Karatasi nyingi zilisema mzee hakumbuki mahubiri ya siku ya kwanza. Ya siku ya pili waliyakumbuka, na waliwakumbuka kwa majina wanakwaya ambao hawakurudi. Nitalitoa zoezi hilo tena kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, na mwalimu yeyote anayetaka kulitumia katika darasa lake, awe wa dini, wa historia au wa Kiswahili, namkaribisha.