Mbaazi, Kunde na Uhai wa Ardhi Iliyochoka

Mwanamke anayelima ekari moja au mbili za mchanga huko Msambweni, Matuga au Malindi hahitaji kupimiwa udongo ili ajue kuwa shamba lake limechoka. Huyaona mahindi yenyewe. Mche huota vyema na mvua za mwaka, kisha ufikapo magotini majani ya chini huanza kugeuka manjano, kutoka nchani na kufuata uti wa jani hadi shinani. Hiyo ni dalili ya njaa ya naitrojeni. Hindi likija kutoka huwa dogo, punje zake za kuhesabika, na nyumba hiyo huanza kununua unga dukani kabla vuli haijafika.

Mchanga wetu wa pwani haushiki chakula. Mvua kubwa hukiteremsha chini kusikofikiwa na mizizi, na mahindi yakipandwa peke yake mwaka hadi mwaka hula kile kidogo kilichosalia. Mbolea ya dukani husaidia, lakini bei yake si ya kila mtu, nayo pia huoshwa na mvua hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba naitrojeni imetuzunguka. Hewa tuivutayo ni naitrojeni kiasi cha asilimia 78, ila mahindi hayana uwezo wa kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mimea ya jamii ya kunde, yaani kunde zenyewe, pojo, njugu na mbaazi, imejaaliwa washirika. Bakteria wa udongoni huingia katika mizizi yake na kujengewa vinundu. Mmea huwalisha sukari itokayo majanini, nao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Wanasayansi wa Ulaya walilibainisha jambo hili katika miaka ya 1880, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwakuza bakteria hao nje ya mmea.

Kazi yao waweza kuikagua mwenyewe, tena bila gharama. Kunde zinapoanza kutoa maua, chimbua shina moja kwa jembe pamoja na udongo wake. Ukiling'oa kwa mkono vinundu vitakatika na kubaki chini. Suuza mizizi taratibu, kisha upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wako kazini. Wekundu huo hutokana na kitu kinachofanana na kile kinachoipa damu yetu rangi. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hapana kazi inayofanyika.

Hapa pana mambo mawili ambayo aghalabu hayasemwi. Kwanza, mahindi yaliyo kando ya kunde hupata naitrojeni kidogo tu msimu ule ule. Faida kubwa huja kwa zao linalofuata, pindi mizizi na majani yanapooza. Kwa hiyo baada ya kuvuna, kata shina juu ya ardhi na uiache mizizi ndani. Pili, mboga ya kunde ni tamu, lakini anayechuma majani mengi mno huwanyima bakteria sukari yao. Chuma kwa kiasi, au tenga matuta ya mboga mbali na yale ya kustawisha udongo.

Kwa maoni yetu, mbaazi ndiyo iwe ya kwanza kufikiriwa. Mwanzoni hukua polepole, haishindani na mahindi. Mahindi yakishavunwa yenyewe husimama kiangazini, mizizi yake ikishuka chini sana, na kudondosha majani yanayofunika mchanga. Na nyumba gani ya Mswahili itakayolalamika kwamba mbaazi za nazi zimezidi?

Wapo pia kuvu wadogo wanaojiunga na mizizi na kutandaza nyuzi zao udongoni kutafuta fosforasi. Muhogo huwategemea mno. Sukuma wiki na kabeji hazishirikiani nao kabisa, hivyo shamba lisiachiwe mboga hizo pekee. Kuvu hao hudhurika kwa kulimalima ovyo na kwa ardhi kukaa tupu.

Bakteria wa paketi nao wapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza chanjo ya mbegu iitwayo Biofix. Kunde kwa kawaida hupata washirika wake katika udongo wetu bila msaada, ilhali soya mara nyingi huhitaji chanjo. Paketi iwe ya zao lako hasa, ihifadhiwe mahali pa baridi, na mbegu zichanganywe kivulini na kupandwa mara moja, kwani jua huwaua bakteria. Wala usinunue chupa ya vijidudu kwa matumaini ya kufufua mchanga usio na samadi wala majani, vitakula nini?

Linalobaki ni la kukubaliana nyumbani. Mama aweza kupanda mbaazi kwa uangalifu wote, kisha mwenye shamba akayachoma mabaki, na naitrojeni ikarudi hewani pamoja na moshi. Au mbuzi wa jirani wakafunguliwa wakala mbaazi zikiwa bado na maua. Kwa hiyo baba, mama na majirani wazungumze Januari au Februari, kabla watu hawajaanza kusafisha mashamba kungojea mvua za mwaka.