Mgeni njoo, mwenyeji apone: Usiache kazi zako zifie ndani ya kompyuta pepe

STIMA ilipotea Kitengela Alhamisi moja saa mbili usiku. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa kitambo, kwa hivyo kila kitu kilizima pap! Stima iliporudi, Windows iliwaka vizuri. Lakini Ubuntu niliyokuwa nikitumia ndani ya VirtualBox ilikataa katakata.

Humo ndani mlikuwa na madeni ya wateja wa mjomba wangu, ya miezi mitatu.

Mjomba ana duka la dawa na chumvi za mifugo mjini Kajiado. Baadhi ya wafugaji huchukua bidhaa kwa mkopo na kulipa baada ya kuuza mbuzi sokoni. Nilimtengenezea mfumo wa kuweka rekodi, na kila Jumamosi nilipanda matatu kupitia Isinya kwenda kuingiza madeni ya wiki. Nakala ya pembeni? Zii.

Kama hujawahi kuitumia, kompyuta pepe ni kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Wengi wanaojifunza kuunda programu huipenda kwa sababu unajaribu Linux bila kugusa Windows yako. Ile halisi huitwa mwenyeji, ile ya ndani mgeni. Tatizo ni kwamba kwa kawaida diski nzima ya mgeni ni faili moja kubwa kwa mwenyeji. Kwenye VirtualBox jina lake huishia na.vdi. Faili hiyo ikiharibika, kazi yako yote iko hatarini.

Nilijaribu kuiunganisha diski hiyo kama diski ya pili kwenye kompyuta pepe nyingine. Ujanja huu husaidia mara nyingi, na kweli nilipata programu niliyoandika. Hifadhidata yenye madeni ndiyo iliyokuwa imeharibika.

Dawa yake ni rahisi. Sakinisha Guest Additions ndani ya mgeni, kisha fungua menyu ya Devices, uingie Shared Folders, uchague folda iliyo kwa mwenyeji. Weka alama kwenye Auto-mount na Make Permanent. Kwenye Ubuntu, folda hiyo itaonekana ndani ya /media, jina lake likianza na sf_. Ukinyimwa ruhusa, andika:

sudo usermod -aG vboxsf $USER

Zima mgeni na umwashe upya. Kuanzia hapo, amri ya rsync -av itakunakilia faili mpya na zilizobadilika pekee. Hifadhidata ya MySQL itoe kwanza kwa mysqldump. Usinakili faili zake inapoendelea kufanya kazi.

Kuna mitego. Snapshots si nakala rudufu, kwani hukaa kwenye laptopu ile ile. Laptopu ikiibwa, zimeenda nayo. Ukitaka kunakili .vdi nzima, mzime mgeni kabisa kwanza. Na flashi yenye mfumo wa FAT32 haikubali faili moja inayozidi GB 4, kwa hivyo tumia exFAT. Tena, usifanyie kazi moja kwa moja ndani ya folda ya pamoja ukidhani una nakala mbili. Ukifuta kwa mgeni, kwa mwenyeji pia imefutika.

Mwisho, jaribu kurejesha. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Jumamosi ile nilifika Kajiado kichwa chini.

“Anko, madeni yamepotea.”

“Yote?”

“Yote, Anko.”

Alinitazama, akavuta droo, akatoa daftari kubwa lenye kurasa zilizokunjika pembe. “Wewe ulikuwa ukiandika kwako. Mimi nilikuwa naandika kwangu.”

Tulishinda hapo mpaka jioni, yeye akisoma majina na mimi nikichapa. Nilikuwa nimecheka lile daftari mara nyingi.

Siku hizi nafuata kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine. Moja iko ndani ya mgeni, ya pili kwa mwenyeji hapa Kitengela. Ya tatu iko kwenye flashi, Kajiado, ndani ya droo ya mjomba, juu ya daftari.